Elfu kwa Moja

Kila Agosti makao makuu huniteremshia namba
nami huzipandisha ukutani kwa mpangilio wa kiburi:
matajiri wa London, tano kwa nne;
matajiri wa Manchester, mbili kwa moja;
kisha unashuka, unashuka,
kama mtu anayepapasa ngazi za stoo akitafuta swichi,
hadi chini kabisa, karibu na kipasha joto,
ilipo timu yetu.
Ramsclough. Elfu kwa moja.

Wageni hudhani huo ni utabiri.
Si utabiri. Ni bei.
Hatusemi kwamba ligi ikichezwa mara elfu
sisi tutaitwaa mara moja.
Tunasema kampuni imeutazama mji huu,
viwanda vyake vya pamba vilivyogeuzwa maduka ya vitanda,
mvua yake isiyobisha hodi,
ikakadiria mapenzi yetu yanauzika kwa shilingi ngapi.

Bwana Entwistle aliijua hesabu hiyo kunishinda.
Jumamosi ya kwanza ya Agosti mlango ulilia,
akafuta miwani kwa ncha ya tai,
akachukua kalamu yetu fupi ya buluu
(tunaziagiza fupi ili zisiibwe; zinaibwa),
akaandika jina la timu polepole
kana kwamba anajaza cheti cha ndoa.
Pauni mbili. Si moja, si tatu.
"Moja yangu," alisema, "na moja ya kipa."
Sikuwahi kumuuliza kipa yupi.

Kila Mei mkeka ulichanika.
Mwaka tuliomaliza wa kumi na saba,
tukaponea chupuchupu kwa bao la goti,
alichungulia mlangoni, kofia inachuruzika:
"Tunakaribia, binti."

Agosti hii Jumamosi ya kwanza ilipita kavu.
Ya pili akaja mkewe, Muriel,
ndani ya koti la mumewe, mikono imekunjwa mara mbili,
na kopo la biskuti kwapani.
Mikeka ishirini na sita,
imepangwa kwa miaka, imefungwa kwa uzi wa kiatu.
"Niambie ukweli. Alipoteza kiasi gani?"
Nikazidisha. Pauni hamsini na mbili.
Haba na haba hujaza kibaba,
ila kibaba kilikuwa cha kampuni.
Akacheka kicheko cha mtu
aliyejiandaa kuambiwa nyumba imewekwa rehani.
"Hamsini na mbili! Nami miaka yote
nimemficha bei ya mapazia."

Kisha akausoma ukuta, kutoka chini kwenda juu.
Katika miaka yangu kaunta
sijaona mwingine aliyeusoma hivyo.
"Mbona sasa ni elfu na mia tano?"
Nikamweleza: mshambuliaji ameuzwa,
kocha mpya hajui hata njia ya uwanjani.
Nikamweleza yote, ila hili likanikwama kooni:
bei hupanda wanunuzi wanapopungua,
na kwetu alikuwa amepungua mmoja.

Hakuweka dau. Aliomba kalamu tu,
akaitia koponi juu ya mikeka,
akatoka bila kufunga koti.

Karani haruhusiwi kucheza dukani mwake.
Saa ya chakula nikavuka barabara, mvua ikinichapa,
kwa wapinzani wetu wenye zulia la kijani,
ambako Ramsclough ilikuwa elfu na mia mbili,
bei ya kijambazi, na kijana wa kaunta
akanitazama kama mtu aliyeingia kuulizia choo.
Pauni mbili.
Moja yake, nikasema kimoyomoyo.
Kwa ile ya pili nilisita,
kalamu ikaacha nukta pana ya wino
kando ya jina la timu.

Jumapili tulifungwa mabao manne kwa nunge.
Mkeka ninao, nyuma ya simu, ndani ya kava.
Bado haujachanika.